Geuza jiwe kwanza: kupima afya ya kijito kinachokatiza mjini

Nimestaafu kazi ya maabara ya maji. Miaka yangu ya kazi iliishia kwenye chupa: kuchota, kubandika lebo, kutia kwenye sanduku la barafu, kukimbiza maabara. Kijito kinachopita bondeni nyuma ya nyumba yetu hapa Mbeya nilikichukulia sampuli mara nyingi, na mara nyingi majibu yake yalikuwa mazuri kuliko pua yangu ilivyoniambia. Kosa nilikuja kuligundua baadaye sana, tena kwa aibu. Mimi nilikuwa nachota saa nne asubuhi, siku ya kazi, gari likipatikana. Mwenye kumwaga uchafu alikuwa akimwaga usiku wa manane. Chupa yangu haikusema uongo, ila ilijua habari za saa nne tu.

Mdudu anayeishi chini ya jiwe hana zamu. Usiku yupo, Jumapili yupo, sikukuu yupo. Maji yakiharibika mara moja kwa wiki, yeye hufa au huondoka, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine asiyejali. Kwa hiyo ukitaka kujua kijito kimeishije miezi miwili iliyopita, geuza jiwe kabla hujachota maji. Nitaeleza ninavyofanya mimi na mjukuu wangu, ambaye macho yake sasa ni bora kuliko yangu.

Jua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi

Vijito vya mjini kwetu huteremka kutoka milima ya Loleza, hukatiza mitaa, hupokea kila tunachovipa, kisha huelekea magharibi hadi mto Songwe na Ziwa Rukwa. (Songwe hiyo si ile ya mpakani na Malawi inayoingia Ziwa Nyasa, watu huzichanganya kila siku.) Rukwa haina mto unaotoka. Kinachofika kule kimefika. Ukivuka kuelekea Igurusi, mambo hubadilika: maji yanakwenda Usangu na Ruaha Mkuu. Wa Iringa mjini wana Ruaha Mdogo chini ya mlima, nao huishia huko huko Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji.

Hili si somo la jiografia. Linakusaidia kuchagua pa kusimama. Chagua sehemu tatu: ya kwanza juu kabisa, kabla ya nyumba, karibu na msitu; ya pili katikati ya mji; ya tatu chini, mji ukiisha. Ile ya juu ndiyo rula yako. Usikilinganishe kijito chako na picha ya mto wa Ulaya wala na mto Kiwira. Kilinganishe na chenyewe kilivyokuwa kabla hakijakutana nasi. Hakikisha tu sehemu zote tatu zina mawe na maji yanayokimbia. Ukipima mawe huku na tope kule, utakuwa umepima tofauti ya mawe na tope.

Msimu ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mvua za kwetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na gharika moja ya usiku hufagia wadudu wote. Ukienda kesho yake utakihukumu kijito bure. Ikinyesha kubwa, subiri wiki mbili au tatu.

Vifaa, na kosa la chandarua

Utahitaji wavu, beseni jeupe, kijiko cha plastiki, brashi ndogo ya kuchorea, gambuti, glavu za mpira, daftari na penseli (kalamu ya wino ikilowa umekwisha). Lenzi ya mkononi ni nzuri, lakini kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha.

Wavu tengeneza mwenyewe. Kunja waya mgumu uwe mraba wa sentimita 30 kwa 30, ufunge kwenye mpini wa fagio, ushonee mfuko. Wavu wangu wa kwanza niliushona kwa chandarua cha zamani, nikajiona mjanja. Siku hiyo wadudu walioingia kwenye beseni walikuwa wanapepesuka kama walevi, na baada ya robo saa wengi walilala chali. Mke wangu ndiye aliyeniuliza: "Hicho si ndicho chandarua chenye dawa?" Dawa ile huua mbu, na hawa ni ndugu zake wa majini, tena dhaifu kuliko yeye. Ndiyo maana tunakatazwa kufua vyandarua mtoni. Tumia wavu wa dirishani, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Matundu yake ni kama milimita moja hivi, na hauna dawa.

Gambuti usizidharau. Kijito cha mjini kina chupa zilizovunjika, sindano, na pampasi zilizofungwa vizuri kana kwamba ni zawadi. Usiende peke yako.

Kabla hujaingia majini

Simama ukingoni dakika kumi. Vijana hawapendi hatua hii kwa kuwa haina kifaa, nami naiona ya maana kuliko nyingi.

Tazama kingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwa hatua, kisha andika unachokiona ndani ya hizo mita: nyumba, banda la nguruwe, matofali, sehemu ya kuoshea magari, bustani za mchicha na chainizi. Andika bila kugombana na mtu. Kwa upande wa Iringa na Njombe vinyungu, yaani bustani za bondeni, vimelisha familia tangu enzi za mababu, na hujaja kufukuza mtu. Angalia pia miti. Mikaratusi ikijipanga ukingoni, majani yake magumu hurundikana majini bila kuliwa. Panapobaki miti ya asili, kaa wa mtoni hula majani yaliyoanguka, na kwenye vijito vya milima yetu kaa ndiye mtafunaji mkuu.

Kisha maji yenyewe. Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji yaliyotuama, usikimbilie kusema ni oili. Uchokoe kwa kijiti. Ukikatika vipande vipande kama kioo na vipande visirudiane, ni bakteria wa chuma, jambo la kawaida kwenye udongo wetu mwekundu. Ukizunguka kijiti na kujiunga tena, hiyo ni oili, tafuta gereji. Povu nalo: la asili hupatikana chini ya maporomoko, lina rangi ya udongo na harufu ya udongo. La sabuni ni jeupe na hunukia kama nguo.

Kitu kimoja kikikutokea, usikipite: manyoya ya kijivu yaliyoshika mawe, yanayopepea na maji kama pamba iliyooza. Si mwani. Ni kundi la bakteria wanaonenepa kwa maji ya vyoo, ya machinjio au ya kiwanda cha vyakula. Mwani ni wa kijani, na ukiwa mwingi sana unakuambia habari za mbolea.

Kisha ongea na wanaoshinda pale. Mama mmoja Mnyakyusa analima mchicha karibu na sehemu yangu ya pili. Siku ya kwanza alinitazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama, habari za kazi?"

"Salama. Baba, mbona unavua kwenye maji yasiyo na samaki?"

Nikamweleza natafuta wadudu. Akacheka, kisha akasema jambo ambalo chupa zangu zote hazikuwahi kusema: "Alfajiri za Jumamosi mimi simwagilii. Maji yanakuja na povu na yananuka. Nasubiri mpaka jua litoke." Nilimshukuru kwa kwao, *ndaga fijo*, na nikaandika maneno yake kwenye daftari kama yalivyo.

Kuvua

Ingia majini ukitazama yanakotoka. Anza na sehemu ya chini ukipanda, usije ukachafua utakapopima baadaye. Ukifika pa kuvua, geukia maji yanakokwenda, weka wavu mbele ya miguu, upande wa chini wa mkondo, mdomo wake ukitazama maji yanakotoka, kisha vuruga mawe kwa kisigino na uyasugue kwa mikono. Maji yatawabeba wadudu hadi wavuni. Fanya hivyo dakika mbili kwenye mawe yenye maji ya kasi. Ongeza dakika moja kwenye mawe ya pembeni yasiyo na kasi, pekua matete na majani yaliyoinamia majini kwa urefu wa mita mbili, na umalizie dakika moja kwenye kokoto na mchanga. Fanya muda ule ule kila sehemu. Mimi hutumia saa ya simu ndani ya mfuko wa nailoni.

Mwaga ulichopata kwenye beseni lenye maji safi kidogo ya hapo hapo. Tulia. Kwa nusu dakika utaona takataka tu, kisha takataka zitaanza kutembea. Hapo mjukuu wangu hunizidi.

Ni nani yuko kwenye beseni

Wengi wa wadudu hawa hawana majina ya Kiswahili midomoni mwa watu, kwa hiyo sisi tumewapa ya kwetu.

*Mikia Miwili* ndiye mfalme. Ana mikia miwili mirefu, kucha mbili kwenye kila mguu, na manyoya ya kupumulia kwapani. Hutambaa kwa madaha juu ya jiwe. Hawezi maji yenye oksijeni kidogo. Nikimpata, siku yangu imekwisha vizuri.

*Mikia Mitatu* ni ukoo mkubwa. Kwa kawaida wana mikia mitatu, kucha moja kwenye kila mguu, na vijani vya kupumulia vilivyopangwa pembeni mwa tumbo, ambavyo hupepea. Geuza jiwe la sehemu ya juu ulishike kwenye mwanga: yule bapa kama sarafu iliyokanyagwa, anayekimbia kiubavu kama kaa, ni wa maji safi. Lakini ukoo huu una wadogo wanaoogelea kwa kushtuka kama visamaki; hao ni wavumilivu na utawakuta hata mjini. Wahesabu peke yao.

*Wajenzi* hutembea na nyumba. Nimewahi kumpata mmoja aliyejijengea bomba la chembe za mchanga, urefu wake chini ya punje ya mchele, chembe zimepangwa kwa ukubwa kama fundi mwashi aliyelipwa vizuri. Wengine hawajengi nyumba, husuka nyavu ndogo kati ya mawe.

*Kereng'ende* wachanga ni wa aina mbili. Wanene hujificha kwenye mchanga. Wembamba wana vijani vitatu mkiani. Hawa wembamba walinitia aibu: mwaka mzima niliwahesabu kama Mikia Mitatu, na kijito changu cha katikati kikaonekana kimepona. Tazama tumbo. Kama hakuna vijani vya kupumulia pembeni mwake, ni kereng'ende.

Wapo *usubi*, wanaojibandika kwenye jiwe kwa nyuma kama vichupa vilivyosimama. Watu wa Tukuyu wanamjua kwa ugonjwa, lakini uwepo wake hauna maana ya uchafu. Mdudu huyu anataka maji ya kasi yenye hewa.

Na wapo wa upande wa pili. Funza wekundu wa kwenye tope, wekundu kweli kweli kwa kuwa wana damu kama yetu inayoshika oksijeni pale isipokuwepo. Minyoo. Ruba. Na yule ambaye mjukuu wangu hataki kumshika: funza mnene mwenye mkia mrefu kama wa panya, ambao ni bomba la kupumulia juu ya maji. Ukimpata huyo, maji hayo yamekaribia kuwa choo. Konokono nao waangalie wakiwa wameelekeza ncha juu na mdomo ukikutazama: mdomo ukiwa kushoto, usiingize mkono bila glavu, kwa maana mmojawapo wa aina hiyo hubeba kichocho.

Hesabu

Kuna mfumo mwepesi wa alama kutoka Afrika Kusini uitwao miniSASS, ambao hata mwanafunzi wa msingi anaumudu. Wataalamu wetu wana wa hapa nyumbani, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015, lakini huo unataka ujue wadudu kwa koo zao za kisayansi. Kwa jumla anza na ule mwepesi. Alama ninazotumia ni hizi: Mikia Miwili 17, Mikia Mitatu wasioogelea kama visamaki 11, Wajenzi 9, kaa 6, kereng'ende wanene 6, Mikia Mitatu wadogo waogeleaji 5, mende na kunguni wa majini 5, kereng'ende wembamba 4, konokono 4, minyoo bapa 3, ruba 2, minyoo ya kawaida 2, nzi, mbu, usubi na funza wao wote 2.

Idadi ya wadudu haihesabiwi. Mmoja au mia, alama ni ile ile. Jumlisha alama za makundi uliyoyaona, kisha gawanya kwa idadi ya makundi. Chukua mfano: juu umepata Mikia Miwili, Mikia Mitatu wa aina zote mbili, Wajenzi, kereng'ende wanene, mende na usubi. Hiyo ni 17+11+5+9+6+5+2, yaani 55, ukigawanya kwa 7 unapata 7.9. Chini umepata minyoo, ruba, funza wekundu, konokono na kunguni wa majini: 15 kwa 5, unapata 3. Tofauti hiyo haihitaji mtaalamu kuifasiri. Wasiwasi huja pale tofauti ni nusu alama; hapo rudia siku nyingine kabla hujasema neno mbele ya watu.

Jambo moja lazima lisemwe wazi. Wadudu hawajui kipindupindu. Kijito kinaweza kuwa na Mikia Miwili na bado maji yake yakawa na vimelea vya kinyesi. Alama 7.9 si ruhusa ya kunywa, wala ya kuoshea nyanya.

Ukiwa na mita

Ukipata mita ya oksijeni ya kuazima, kumbuka tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hufanya maji yabebe oksijeni kidogo. Kwa nyuzi 20, maji ya Pwani hujaa yakifika miligramu 9.1 kwa lita. Ya kwetu hujaa kwenye 7.4 hivi. Kijana mmoja alikuja na jedwali la Pwani akatangaza kijito chetu cha msituni ni kigonjwa. Tena pima alfajiri. Mchana mwani hutengeneza oksijeni na kila kijito hupendeza. Kabla ya jua kutoka ndipo utaona kilivyolala. Saa nne asubuhi, tena ile ile, ni saa ya kudanganywa.

Kumtafuta mchafuzi

Ukishaona juu pazuri na katikati pabaya, usibishane na mtu. Gawanya. Nenda nusu ya njia kati ya sehemu hizo mbili, vua. Pakiwa pazuri, tatizo liko chini yake. Pakiwa pabaya, liko juu. Gawanya tena. Sisi tulifanya hivyo Jumamosi nne, tukabakiwa na kipande cha hatua arobaini hivi, nyuma ya kichaka cha mabingobingo. Bomba lilikuwepo. Kavu kabisa, lina utando wa buibui mdomoni. Kijana aliyekuwa anafagia pale akaniambia, "Babu, hilo halitumiki." Utando ule nao ulikuwa umesukwa upande mmoja tu, juu, pale maji yasipofika. Chini ya bomba mawe yalivaa yale manyoya ya kijivu. Hatua tatu juu yake, mawe yalikuwa masafi na Mikia Mitatu wanakimbia.

Nilipeleka daftari, picha na maneno ya yule mama kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala ofisi ya bonde, wale wanaosimamia maji ya mito na maziwa. Ya Ziwa Rukwa iko hapa hapa Mbeya. Wa Iringa wana ya Rufiji. Peleka hesabu za sehemu tatu na tarehe, siyo malalamiko. Lilichimbwa shimo la maji machafu, kwa kuchelewa na kwa manung'uniko. Kiangazi kilichofuata waogeleaji wadogo walikuwa wamerudi chini ya bomba, maana hao hubebwa na mkondo na kuhamia haraka. Mikia Miwili bado.

Ukimaliza, warudishe wadudu mahali ulipowatoa, na uyarudishe mawe upande wake ule ule, juu juu na chini chini. Wavu usuuze, uuanike juani mpaka ukauke kabisa kabla ya kuupeleka kijito kingine, usije ukahamisha konokono. Wangu unaanikwa kwenye kamba ya nguo, upande wa mwisho, mbali na mashuka. Beseni jeupe nimeambiwa lisirudi jikoni.